Masale Saba ya Njia ya Mfongo

Ndeshi mwanangu,

Mama yako amekupeleka mjini Moshi kununua blanketi, kwa sababu ana hakika kwamba Lushoto hawauzi mablanketi. Nimebaki nyumbani na goti langu bovu na baiskeli yako iliyoegemea ukuta, imeshafungwa mizigo, tayari kwa safari ya kesho. Nina saa tatu, labda nne mkikutana na mtu wa kwaya sokoni. Nikisubiri mrudi nikueleze kwa mdomo sitaweza. Unanijua, nitaanza kuzungumzia breki.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali na kuchagua marafiki. Hayo mama yako ameshayasema, na kesho alfajiri atayasema tena kituo cha basi mbele za watu, jiandae. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Jumapili iliyopita ulikuja jikoni na simu yako, uso unang'aa. Ukasema, "Baba, unajua kilichonipatia hii kazi ya Lushoto? Ni njia yako. Niliwaonyesha ile ya mfongo, wakapagawa." Ukanionyesha ramani. Mstari mwekundu unaanzia Kwa Sadala, unaacha lami, unapanda kwenye changarawe katikati ya kahawa na migomba, unafuata mfongo wetu wa maji hadi ukingo wa msitu, halafu unateremka upande wa Sanya Juu. Ukaweka kidole pale unapopita nyuma ya nyumba hii. "Hapa ndiyo patamu zaidi," ulisema. "Wazungu wote wanapiga picha hapa."

Mama yako aliinamia mchicha wake akaendelea kuchambua. Mimi nilisema nina kiu, nikatoka nje, ingawa maji yalikuwa mezani. Nikiwa pale uani nikakusikia ukimwambia, "Baba amefurahi mpaka anaona aibu." Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo silali vizuri, kwa sababu kesho unakwenda kuchora njia kwenye milima ya watu wengine, na mfano uliobeba ni ule.

Sasa nikueleze ilivyopatikana.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nawaongoza wageni wa baiskeli pale Rau, ndani ya msitu na kuzunguka majaruba ya mpunga. Kazi nzuri, lakini tambarare, na wageni walichoka haraka. Walikuja na baiskeli zao za tairi pana zenye meno, wanataka mlima, wanataka changarawe isiyo na malori. Kwa hiyo nikaanza kutafuta. Miezi mizima nilipanda na kushuka huku Masama nikiwa na daftari, nalala na matope miguuni, mama yako ananiuliza kama nimeajiriwa na panya. Nilipata karibu kila kitu. Kilichobaki ni kipande kimoja kifupi, kutoka getini kwetu hadi barabara ya juu. Barabara yenyewe pale ilikuwa mawe matupu na mwinuko wa kukata pumzi. Lakini kulikuwa na mfongo, ule mfereji ambao mababu walichimba kwa mikono kuteremsha maji kutoka msituni, na juu ya ukingo wake kulikuwa na kijia laini, kinapanda polepole kama kimepimwa. Kinapita kati ya kihamba changu, shamba langu la urithi, na kihamba cha Baba Mkubwa wako Elirehema.

Tatizo lilikuwa masale. Babu yako alipotugawia kihamba, alipanda masale saba kwenye mstari mmoja kuwa mpaka: huku changu, kule cha kaka yangu. Alitusimamisha wote wawili, tukashika kila mche pamoja, mkono wangu chini, mkono wa Elirehema juu, babu yako anafukia udongo. Hakuandika karatasi, wala hakuna aliyemwomba karatasi. Sasa hayo masale yalikuwa yamekaa karibu sana na kijia, na usukani wa baiskeli ulikuwa unanasa. Siku moja mgeni mmoja, mama mtu mzima, alinasa akatumbukia kwenye mfongo mzimamzima. Yeye alicheka. Mwenye kampuni aliyewaleta wageni hakucheka. Aliniambia, "Kiongozi, panua hapa, la sivyo tutafute njia nyingine."

Wiki hiyo Elirehema alikwenda Tarakea kununua maharage, safari ya siku mbili. Siku ya kwanza asubuhi nilichukua jembe. Nisikufiche, nilikuwa naimba. Niling'oa masale yote saba, nikayapanda tena upande wake, hatua moja na nusu ndani ya kihamba chake. Nikayamwagilia. Nikatandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo mbichi ili usionekane. Mama yako alipita na ndoo ya maziwa akasimama.

"Baba Ndeshi, unafanya nini?"

"Napanua njia."

"Njia ya nani?"

Niliendelea kutandaza majani. Akaenda zake, na hajaniuliza tena hadi leo, jambo ambalo limenitesa kuliko kama angeniuliza kila siku.

Elirehema aliporudi hakupiga kelele. Alitembea polepole kutoka kwenye mti wake wa mwisho wa kahawa hadi kwenye isale la kwanza, anahesabu hatua. Akarudi, akahesabu tena. Halafu akaja mlangoni kwangu na vumbi la Tarakea bado mabegani. "Mdogo wangu," akasema, "masale hayatembei."

Nikamwambia mvua imesogeza udongo. Mwezi ule hata tone la mvua halikuwa limedondoka. Akatazama juu mawinguni, akanitazama mimi. Akasema ataita wazee wa ukoo waje watuonyeshe mpaka ulipokuwa, sote wawili tukiwepo.

Hapo ndipo nilipofanya ninachotaka ukijue, kwa sababu nilikifanya kwa mikono yako.

Unajua isale ni nini kwetu. Mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, amekuomba radhi, na wewe huna pa kukimbilia. Hata awe amekuulia mtoto, ukilipokea jani umesamehe, na neno lile hulitaji tena. Hata ubatizo na kipaimara havikulifuta hilo vichwani mwetu, na sijamsikia mchungaji akithubutu kulicheka. Lakini aliyekosa hulipeleka mwenyewe, ameinamisha kichwa, na kabla ya kulipeleka amekwisha kurudisha alichochukua. Hivyo ndivyo baba alivyotufundisha. Mimi nilikaa nikapiga hesabu zangu. Wazee wakija nitaaibika na njia itafungwa. Elirehema akipokea jani, hawezi tena kuwaita wazee. Na jani likiletwa na mtoto, hata kulirudisha hawezi.

Nililikata jani kwenye isale lile lile nililolihamisha. Nikalifunga fundo. Ulikuwa na miaka tisa, na ile baiskeli ndogo ya buluu niliyoiunga kwa vipande vya baiskeli mbili. Nikakuambia, "Mpelekee baba mkubwa. Mwambie, baba anakupa shikamoo na anaomba yaishe." Ukaondoka unapiga kengele njia nzima, na jani umelichomeka kwenye usukani kama bendera.

Ulirudi na maparachichi kwenye kapu. Ukasema, "Baba, baba mkubwa alipokea kwa mikono miwili. Halafu akatoa machozi."

"Ni moshi wa jikoni," nikakuambia.

"Alikuwa nje, baba."

Nikakutuma ukanawe mikono. Sijui kama unakumbuka. Mimi sijawahi kula parachichi tangu siku hiyo, na mnadhani ni tumbo.

Masale sikuyarudisha. Nilikuwa nimesamehewa, ningerudisha ya nini? Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia vizuri sana. Njia ikafunguliwa. Wageni wakaja kutoka kila upande wa dunia, wakapita kati ya migomba yetu wakisema ni peponi. Bati za nyumba hii zimetoka kwenye njia hiyo, na shule yako pia. Sisemi hivyo ili ujione una hatia. Nasema kwa sababu ni kweli, na nimechoka kuchagua ukweli wa kusema na wa kuacha.

Tairi za changarawe zina meno, hilo mimi ndiye niliyekufundisha. Siku moja hazifanyi kitu. Baada ya misimu miwili zilikuwa zimekata ukingo wa mfongo pale kwenye kona, pale udongo ni mwekundu na laini. Niliuona mfereji mdogo wa tairi ukizidi kushuka. Niliweka jiwe. Kisha masika yakaja, yale makubwa, na ukingo ukapasuka alfajiri moja. Maji yote yaliingia kwa Elirehema. Yalichukua shamba lake la chini, ile mikahawa aliyoipanda baba yetu, na udongo wake mweusi wote ukaishia bondeni.

Nilisimama dirishani hapa hapa ninapoandikia. Nilimwona kaka yangu akiokota mikahawa iliyong'oka, anaipanga mmoja baada ya mwingine juu ya nyasi, mizizi upande mmoja, kama anayelaza watoto. Hakugeuka kutazama nyumba yangu. Hakuweza kuja kudai, unaelewa? Alikuwa amepokea jani. Mimi nilikuwa nimemfunga mdomo kwa desturi yetu wenyewe. Na sikutoka nje. Nilikunywa chai yangu yote hadi chini.

Tangu pale alinyamaza. Ananijibu salamu, basi. Ukaniuliza siku moja, "Mbona baba mkubwa hakai na sisi tena?" Nikakujibu neno moja: wivu. Sikufikiri hata. Neno hilo ukalipokea ukalilea mwenyewe, kwa sababu mtoto humwamini baba yake. Siku ya kipaimara chako ulikataa aalikwe, ukasema huyo mzee wa wivu ataharibu sherehe, na mimi nikakuunga mkono kwa kunyamaza. Krismasi tulipochinja, sehemu yake ya nyama, ya kaka mkubwa, haikupelekwa. Mara ya kwanza mama yako aliitenga kwenye sinia pembeni, ikakaa mpaka jioni, ikaliwa na sisi. Mwaka uliofuata haikutengwa.

Umemchukia mtu bure, mwanangu. Chuki hiyo si yako, ni mimi niliyeipanda kwako.

Usinifikirie kwamba sikuwahi kujaribu. Mwaka ule ulipoingia kidato cha tano nilichukua jembe nikaenda mpakani. Masale yalikuwa yameshakuwa mazito kama mkono wangu. Nikachimba kidogo pembeni ya la kwanza. Wakatokea kina mama wanaotoka kukata majani ya ng'ombe, wakanisalimia, mmoja akauliza, "Unatafuta nini hapo, mzee?" Nikasema fuko. Nikarudi nyumbani na jembe langu, nikalining'iniza.

Labda utajiuliza kwa nini leo. Ni kwa sababu ya asubuhi ya leo. Ulikuwa uani unajaza upepo tairi ya nyuma, ukaingia ndani kutafuta kiraka. Elirehema alikuwa ng'ambo ya masale anakata majani. Amezeeka, Ndeshi, wewe hujamtazama siku nyingi. Anakata kidogo, anasimama, anashika kiuno. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Kwa kawaida huishia hapo. Lakini leo aliuliza, kwa Kichagga chetu, kama ni kesho unaondoka. Nikasema ndiyo, alfajiri. Akafunga mzigo wake wa majani, akaufungua, akaufunga tena.

"Ningependa aniage," akasema. "Lakini usimtume. Kutoka kwako, sitaki tena mtoto wa kutumwa."

Akajitwika majani akaondoka. Kumbe miaka yote alijua ni jani la namna gani nililompa. Alijua siku ile ile, akalipokea kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa amelishika mtoto, na hakutaka urudi nalo ukiwa umefukuzwa. Nilisimama pale hadi ukatoka na kiraka ukaniuliza kama goti limeshika.

Nimekufundisha mengi juu ya changarawe. Pale kwenye mteremko wa Lawate ulipochubuka kiwiko chote, nilikuambia changarawe iliyolegea haitaki breki ya mbele, na macho yatangulie pale unapotaka kwenda, siyo kwenye jiwe unaloliogopa. Hukulia. Ulisema, "Nimekusikia, baba," ukapanda tena. Tangu hapo unateremka vizuri kuliko mimi nilivyowahi. Lakini sikukufundisha kutazama pembeni, nani anasimama kando ya njia na jembe mkononi wakati wewe unapita, kwa sababu kwa upande wangu pembeni alikuwa amesimama kaka yangu.

Huko Usambara utakuta vijia vizuri mno, laini, vimepimwa na miguu ya watu, na moyo utakuruka. Mimi ulinirukia hivyo hivyo. Sijui utafanya nini. Najua tu kwamba kila kijia kizuri nilichowahi kukiona kilikuwa na mwenyewe, na mara nyingi alikuwa anakata majani hatua chache kutoka pale nilipokuwa naandika kwenye daftari. Nilimwona. Niliandika kona, mwinuko, mahali pa kupumzikia wageni. Yeye sikumwandika. Simu yako nayo haimchori, nimeikagua ulipokuwa unaoga, unisamehe na kwa hilo.

Ule mstari mwekundu ni wako sasa, uko kwenye simu yako. Siwezi kukuambia uufute, maana umekupatia kazi, na kazi umeipata kwa miguu yako mwenyewe na kichwa chako. Lakini ujue kwamba kuanzia jioni hii pale nyuma ya nyumba usukani utanasa tena. Hapapitiki kwa baiskeli, labda kwa kushuka na kuikokota, mmoja mmoja. Akija mgeni nitamwambia hivyo mwenyewe.

Naogopa, mwanangu. Niseme wazi. Naogopa utaisoma hii kisha utanitazama kama mama yako alivyonitazama siku ya ndoo ya maziwa, halafu utapanda basi, na nitabaki na macho hayo. Naogopa zaidi kwamba nikimwendea, Elirehema atanisikiliza hadi mwisho kisha aende kukata majani. Ana haki. Nimezunguka meza hii nikitafuta namna ya kuwazuia nyote wawili.

Mara mbili nimeinuka nikaenda na kisu mpaka kwenye masale. Mara ya kwanza nilitaka kukata jani niliweke ndani ya bahasha hii, ulikute ukifungua. Mara ya pili nilitaka kukata lingine, nimpelekee Elirehema mwenyewe, safari hii kwa mikono yangu. Mara zote mbili nilirudi mikono mitupu. Ukilipata jani, mwanangu, utalazimika. Naye atalazimika tena, kama nilivyomlazimisha. Nimewahi kusamehewa kwa kulazimisha, na hakuna siku hata moja ambayo niliamka nikiwa nimesamehewa.

Kwa hiyo humu usitafute jani, hamna. Na kwa baba mkubwa wako sikutumi. Ukienda, nenda kwa miguu yako. Usipokwenda, sitakuuliza.

Barua naiweka chini ya tandiko la baiskeli yako, pale unapokagua kila mara kabla ya safari. Bado kuna jua la kutosha, na ni saa ya kina mama kurudi na majani, wapite tu, wakiuliza safari hii sitafuti fuko. Nimelishusha jembe ukutani. Mkirudi mkanikosa ndani, msihangaike kuniita.

Niko mpakani.

Baba yako